Mtamba Niliyemtoa Nikiwa Mgonjwa

Kila siku ya mnada wa Karatu kulikuwa na mtu mmoja aliyeniita kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa akija kutoka Oloipiri na mbuzi wa kuuza, na hata akiniona ng'ambo ya kundi zima la ng'ombe alipaza sauti: "Paashe!" Watu waligeuka. Na mimi niliitika "Paashe", tukashikana mikono, tukaulizana habari za mvua na watoto, kisha nikarudi zangu Rhotia kusahihisha madaftari. Moyoni hapakuwa na kitu. Si kwamba nilimchukia, wala si kwamba nilimpenda. Hapakuwa na kitu tu.

Kwetu Wamasai, mwanaume akimpa mwenzake mtamba kwa urafiki, bila mahari na bila kulipa kosa, majina yao yanawekwa pembeni. Kuanzia siku hiyo wote wawili wanaitana kwa ile zawadi. Mbuzi ana jina lake la kuitana, kondoo ana lake, na la mtamba ni Paashe. Ni heshima. Ukisikia watu wawili wanaitana hivyo unajua kwamba siku moja, mmoja wao alifungua mkono. Mimi ndiye niliyefungua mkono. Ila siku hiyo nilikuwa nimemaliza siku sita bila kulala.

Niseme ilivyokuwa, maana watu wakisikia ugonjwa wa akili wanawaza mtu anayeokota makopo. Wangu ulianza na furaha. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja upande wa Arash, shule zimefungwa, na kila kitu kikaanza kung'aa. Nilikuwa na mpango wa kujenga bweni, mpango wa kuchimba bwawa, mpango wa kuandika kamusi ya Kimasai, na yote niliiona kama imeshakamilika, bado watu tu kushukuru. Sikusikia njaa. Niliongea mpaka sauti ikakauka, nikaendelea kuongea hivyo hivyo. Nikaanza kugawa vitu: viatu vyangu, simu yangu, shuka mbili, na redio ya kaka yangu, ambayo haikuwa yangu.

Siku ya sita nilitoka nyumbani pekupeku nikiswaga mtamba mmoja wa kahawia mwenye tumbo jeupe. Njiani kuelekea Oloipiri nilimkuta mwanaume amekaa chini kando ya mzoga wa ng'ombe. Ukame wa mwaka ule ulikuwa umemmalizia mifugo. Nilikaa naye, nikaongea sana, nikampa mtamba. Hayo ndiyo ninayokumbuka, na hata hayo nayakumbuka kama habari niliyosimuliwa. Siku mbili baadaye kaka zangu walinifunga kamba, wakanipakia kwenye gari, wakanipeleka hospitali.

Daktari aliniambia jina la ugonjwa. Akasema hauponi, unatulizwa, kama vile presha inavyotulizwa. Neno la presha nililishika. Nilipoomba uhamisho nikaja Rhotia ili niwe karibu na kliniki, na walimu wenzangu wakataka kujua kwa nini kila mwezi kuna siku moja natoweka, niliwaambia nina presha. Wakanipa ushauri mwingi kuhusu chumvi. Kwa miaka tisa nimekula mboga za chumvi kidogo kila nilipoalikwa, kwa sababu ya ugonjwa nisiokuwa nao.

Vidonge ni viwili, baada ya chakula cha jioni. Mikono yangu inatetemeka kidogo, kwa hiyo mwandiko wangu ubaoni ni wa kuchekesha, na wanafunzi wa darasa la nne wanauigiza nikigeuka. Nimenenepa. Nalala kama gogo. Tangu wakati ule sijalazwa tena, sijagawa kiatu wala redio, sijamfokea mtoto. Ukiuliza mtu yeyote Rhotia atakwambia mwalimu yule ni mtulivu. Nilipomzika baba yangu, nilisimama ukingoni mwa kaburi nikiutazama mpini wa koleo, nikiwaza kwamba umelegea na mtu ataumia. Hicho ndicho nilichokiwaza. Watu walinisifu kwa ujasiri.

Kwa hiyo naishi vizuri. Nalisema bila kejeli. Wapo niliolala nao wodini ambao hawakufika hapa.

Ila kuna jambo. Yule mtamba hakuwa wangu wa kutoa. Kwetu mwanamke akiolewa anakabidhiwa ng'ombe wake, na hao ni wa nyumba yake. Mume anawachunga, anawatibu, anajisifu nao mbele ya wenzake, lakini hamtoi hata mmoja bila kumwuliza mwenye nyumba. Ndio watakaorithiwa na wanawe. Yule wa tumbo jeupe alikuwa wa mke wangu, tena alikuwa ametoka kwa baba yake mzazi. Niliporudi kutoka hospitali mke wangu alinipikia, akanifulia, akaniuliza kama nimeshiba. Habari ya mtamba hakuigusa. Nami sikuigusa, na baada ya mwaka mmoja ikawa haigusiki.

Huku Rhotia alikodi robo eka akaanza kulima mahindi na maharage. Majirani zetu wengi ni Wairaqw, watu wa jembe tangu zamani, na walimtania sana. "Mmasai gani anapalilia maharage?" Alijibu bila kuinua kichwa: "Anayekula." Wakampenda kwa hilo. Ng'ombe wake waliobaki walikuwa kwa kaka yangu huko Arash, na kila ukame ulipopita walipungua. Kiangazi kilichopita kaka alipiga simu kusema wa mwisho amekufa.

Mke wangu alimaliza kuosha vyombo, akakausha mikono, akakaa mbele yangu.

"Nataka ng'ombe wangu," akasema.

"Yupi?"

"Unamjua."

Nilimjua. Wavulana wetu wawili sasa hawakuwa na mnyama hata mmoja wa nyumba ya mama yao, na yule wa tumbo jeupe alikuwa Oloipiri amezaa na kuzaa. Miaka tisa alikuwa amelibeba, akalitua kwa maneno matatu, kisha akaenda kulala.

Kaka yangu alikataa kabisa. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifunga kamba, na ndiye aliyekaa wodini wiki mbili akininywesha uji kwa kijiko. "Mdogo wangu," akaniambia kwenye simu, "zawadi hairudi. Njia ya kuirudisha ni moja, useme mbele ya watu kwamba hukuwa na akili. Ukishasema, utasema mara ngapi? Nina mabinti watatu hapa. Nani atakuja kuchumbia kwenye nyumba yenye kichaa?" Nikamwambia nimemsikia. Ni kweli nilimsikia. Nilimsikia yeye na nilimsikia mke wangu, na maneno ya wote wawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Mwezi ule kliniki, muuguzi aliponiuliza hali yangu nilisema nzuri, kama kawaida. Halafu nikamwuliza: mtu akitoa kitu akiwa anaumwa, aliyetoa ni nani?

Aliacha kuandika. "Mwalimu, kitu hicho leo ungekitoa?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi umejijibu."

Nilipokuwa juu ya bodaboda narudi, niliona kwamba sikuwa nimejijibu. Leo nisingempa mtu yeyote kitu chochote. Si kwa uchoyo. Hamu yenyewe ya kutoa haipo, ilikwenda na ile nyingine yote. Kama hicho ndicho kipimo cha akili timamu, basi jiwe lina akili kuliko sisi sote.

Ningependa kuandika kwamba niliamua kwa upendo. Nitakuwa mwongo. Niliamua kama ninavyosahihisha hesabu. Ng'ombe ni wa nani? Wa mke wangu. Yuko wapi? Kwa mtu mwingine. Nani alimpeleka? Mimi. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikaandika kwenye barua ya ruhusa kwamba ni mambo ya familia, tukaondoka mimi na mke wangu.

Tulipita hifadhini. Juu ya kreta ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na watalii walikuwa wamesimama kwenye ukingo wanaupiga picha huo ukungu, kwa kuwa walishaulipia. Mke wangu aliwatazama mpaka wakapotea nyuma yetu. Huko Arash, kaka yangu alitupokea kwa heshima zote na uso uliofungwa, na asubuhi akasema atakuja na sisi Oloipiri, ili isije kusemwa kwamba aliniacha peke yangu. Tukaenda kwa pikipiki mbili za kukodi.

Nilikuwa nimempigia rafiki yangu kumwambia nakuja kumtembelea. Sikusema zaidi, na hilo lilikuwa kosa langu. Paashe akija kwa Paashe wake ni sherehe. Alikuwa amechinja mbuzi, na wazee wanne wa jirani walikuwa wameshakaa, wamevaa vizuri, kuja kumwona mtu aliyempa jirani yao mtamba katika mwaka ambao watu hawakupeana hata maji. Mkewe akatuletea chai ya maziwa. Maziwa yalikuwa mazito, na nilijua yametoka kwa nani.

Alitupeleka kuwaona ng'ombe, na wazee wakaja nyuma yetu na vikombe vyao. Kama kawaida ya mtu wetu, hakutaja idadi, alitutajia mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama yake. Yule wa tumbo jeupe alikuwa amezeeka, pembe moja imekatika ncha. Alikuwa na mabinti, na mabinti walikuwa na watoto wao. Katika ukame uliowamaliza ng'ombe wa mke wangu, hawa walikuwa wamehamishwa mapema wakapona. Rafiki yangu aliweka mkono juu ya mgongo wa yule ng'ombe mzee, akaniambia: "Paashe, nyumba yangu yote imetoka humu."

Nilisema hapo hapo, kwa sababu nilijua nikikaa kula nyama sitasema. Nilisema mbele ya wazee, mbele ya kaka yangu, mbele ya mke wangu, kwa Kimasai, lugha ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo hili. Nilisema kwamba siku ile nilikuwa mgonjwa wa akili, na kwamba hadi leo ni mgonjwa, nameza vidonge kila jioni na nitameza mpaka nife. Nilisema kwamba mtamba alikuwa wa nyumba ya mke wangu, hakuulizwa, na amekuja kuuliza. Mikono yangu ilitetemeka, lakini hiyo ilikuwa dawa. Sauti haikutetemeka. Mzee mmoja alishusha kikombe chake chini taratibu. Kaka yangu alikuwa anatazama ardhi.

Rafiki yangu hakuondoa mkono wake mgongoni mwa ng'ombe.

"Nilijua," akasema.

Nikamtazama.

"Ulikuwa pekupeku, miguu inatoka damu. Uliniambia mawe yanakusalimia. Ulinitajia bwawa utakalonichimbia, ukalipima kwa hatua. Mtoto mdogo angejua. Nilikuwa nimebaki na fimbo tu, na watoto saba. Nikampokea." Akaupapasa ule mgongo. "Ndiyo maana nakuita kwa sauti kubwa. Nilidhani nikiita vya kutosha, itakuwa kweli."

Hapo iliniuma. Naandika neno hilo polepole kwa sababu nilikuwa sijalitumia muda mrefu na kulimaanisha. Miaka tisa nilijua kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyekutana nami siku ile akaona mwanaume kamili. Sikuwa nimejua kwamba ninaliegemea hilo, mpaka likaondolewa.

"Wachukue wote," akamwambia mke wangu. "Mama na watoto wake. Ni wako."

Wazee walinong'ona. Mke wangu aliingia katikati ya kundi, akapita kati yao, akawagusa mmoja mmoja mdomoni na kwenye nyonga kama mtu aliyekuwa nao jana. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa mbele ya mtamba mmoja, mjukuu wa yule ng'ombe mzee, kahawia, tumbo jeupe.

"Huyu," akasema. "Yule mwingine amezeekea hapa. Nikimpeleka kule atakuwa anatafuta njia zake tu. Na wewe una watoto."

Rafiki yangu alifunga kamba mwenyewe. Wakati wa kuagana alinijia, akafungua mdomo kuniita kama siku zote, kisha akasita. Mtamba alikuwa anaondoka, na lile jina hakujua tena kama ni letu. Akaniita jina nililopewa nilipozaliwa, kwa sauti ya chini. Nami nikamwita lake. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilibidi nilikumbuke.

Kaka yangu alitangulia kwa pikipiki. Hakunisema. Aliniambia tu kwamba atauandaa uzio, na kwamba tukatishe upande wa mabonde, kuna majani. Nikajua atakasirika kwa muda, lakini atamtunza mtamba.

Sisi tulirudi kwa miguu, mwendo wa mchana kutwa, mke wangu mbele na mtamba katikati. Nilimwambia naomba radhi. Alisema, "Haya." Tukaenda. Baada ya kilima cha kwanza aliongea bila kugeuka.

"Unakumbuka uliniimbia?"

"Lini?"

"Wiki ile. Ulisimama mlangoni mwangu mbele ya mama yako na kaka zako, ukaniimbia kama mtu anavyomwimbia ng'ombe wake anayempenda kuliko wote. Ukanitaja paji la uso, ukanitaja mwendo. Nilitamani ardhi ipasuke." Akampiga mtamba kidogo na fimbo. "Hakuna mtu aliyewahi kuniimbia, kabla wala baada."

Sikuwa nakumbuka. Nilitafuta kichwani nikapata bwawa, nikapata kamusi, nikapata redio ya kaka. Wimbo haukuwepo.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijamwambia daktari wala muuguzi. Nilimwambia kwamba wiki ile naitamani. Kwamba nameza vidonge kwa sababu najua kilichofuata, lakini kila jioni, kidonge kikiwa kwenye ulimi, kuna sehemu yangu inayotaka kukitema. Na kwamba naogopa siku itakayonishinda.

Alitembea.

"Ninavihesabu," akasema. "Kila Jumapili ukiwa kanisani. Tangu mwanzo."

"Vidonge?"

"Mwaka juzi vilizidi. Jumapili mbili mfululizo. Ulikuwa umeacha."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeacha siku kumi na moja, nikarudia mwenyewe, na nilikuwa na hakika kwamba hakuna aliyejua. "Hukusema," nikamwambia.

"Sikusema." Sasa aligeuka, akanitazama usoni kama ambavyo hakunitazama kwa miaka mingi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Jumapili ya kwanza nilivirudisha koponi, nikaoga, nikavaa shanga zangu zile nzuri, nikakaa nje kukungoja utoke kanisani. Nilitaka kuona kama utakuja unaimba."

Mtamba alikuwa amekatisha kwenye majani. Mke wangu akaenda kumrudisha njiani.